Nilinunua jiko la silva ili niuze nyumba ya Mwanga

Nilipopata uhamisho wa kwenda Dodoma, nyumba yangu ya Mwanga, Kigoma mjini, ilibidi iuzwe. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la ndani, na uani kibanda cha kupikia kwa mkaa. Dalali alikuja, akazunguka kote haraka haraka, alipofika jikoni akashika kiuno.

"Mama, hili friji jeupe linatuzeeshea nyumba. Siku hizi watu wanataka silva."

Friji hilo nililinunua nilipoanza kazi. Lilikuwa linagandisha vizuri tu, ila kijana ni wa mjini na mimi nilikuwa na haraka, nikamsikiliza. Friji sikulibadilisha, ila wiki hiyo hiyo nikatoa shilingi 950,000 nikanunua jiko la gesi la kusimama, plate nne na oveni chini, mwili wote stenlesi, kile chuma cha silva kisichoshika kutu. Maikrowevu yangu ilikuwa nyeusi tangu zamani. Basi jikoni pakawa na cheupe, cha silva na cheusi, kila kimoja kinamshangaa mwenzake.

Tangu hapo watu watatu wameshaniuliza kama wabadilishe vifaa vya jikoni kabla ya kuuza nyumba. Badala ya kumjibu kila mtu kwenye simu, naandika hapa.

Wateja wa kwanza walikuwa mke na mume kutoka Ujiji. Mume alibaki nje anapima uzio kwa hatua. Mke alikwenda jikoni moja kwa moja, akafungua oveni, akaifunga, akapitisha kiganja kwenye mlango wake.

"Dada, na hili linabaki?"

"Hapana, naondoka nalo."

"Aa."

Ile "aa" ndiyo iliyoharibu ile safari. Kuanzia hapo akaanza kuona vingine: rangi iliyobanduka nyuma ya jiko, kabati ambalo mlango wake haukai sawa. Kitu kilichompendeza kuliko vyote ndani ya nyumba nilikuwa nimemwambia hakimo kwenye bei. Kwa hiyo jambo la kwanza: kabla mteja hajavua viatu mlangoni, mwambie nini kinabaki na nini kinapanda Fuso. Kama una friji au jiko zuri mno ambalo unaondoka nalo, ni afadhali ulitoe kabisa siku hiyo ulipeleke kwa jirani.

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza. Mwingi unatoka Marekani, na kule nyumba mara nyingi inauzwa na jiko lake, pengine na friji. Mnunuzi anaponunua nyumba, ananunua na rangi ya vifaa. Miaka ya 1970 walipenda majiko na mafriji ya kijani cha parachichi na ya njano iliyokolea, na baadaye rangi hizo hizo zikawa ndizo zinazomwambia mteja kwamba jikoni humu hapajaguswa muda mrefu. Stenlesi ikaja kutoka kwenye majiko ya mahoteli ikaingia majumbani, na hadi leo wengi wanaiona ndiyo rangi ya nyumba mpya. Kwetu friji linaondoka na godoro. Kinachobaki ni sinki, bomba, kabati, na jiko la kupachika kama unalo. Hivyo ndivyo vya kupatanisha rangi. Sinki la stenlesi likiwa na bomba la silva linalong'aa, macho yanatulia. Ukiweka bomba la dhahabu kwa sababu ulilikuta kwa bei ya chini, mteja hatajua kwa nini jiko linamkera, lakini litamkera.

Mteja wa pili alikuja saa moja na nusu jioni, na umeme ukawa umekatika. Alikagua kwa tochi ya simu. Jiko langu lina dirisha moja, na katika giza ile maikrowevu nyeusi ilionekana kama tundu ukutani. Halafu ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Mwanga wakati wa kiangazi anajua vumbi lile jekundu, unafuta asubuhi na saa nne limerudi. Bwana yule aliegemea pale mezani, kidole chake kikachora mstari juu ya maikrowevu, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali taratibu. Hakupiga simu tena. Nyeusi inayong'aa ni nzuri dukani. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inataka nyeupe, au silva isiyong'aa sana, au uwe na mtu wa kufuta kila saa. Na usimlete mteja jioni.

Sasa stenlesi yenyewe. Kabla ya mteja wa tatu niliona madoa ya mafuta juu ya jiko jipya, nikamwagia ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, nikalala. Asubuhi nikakuta vidoadoa vya kahawia, vidogo kama punje za ulezi. Kutu, kwenye jiko la wiki tatu! Fundi wa mafriji aliyekuja kuliangalia alicheka kwanza, ndipo akanieleza: chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kina kromiamu, ambayo inajitengenezea ngozi nyembamba juu yake, na klorini inaitoboa ngozi hiyo. Chumvi ikikaa muda mrefu inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo maji ya dagaa yakimwagika usiyaache yakaukie hapo. Osha kwa sabuni ya kawaida na kitambaa laini, futa kwa kufuata ile mistari ya chuma, kisha kausha. Alama za vidole zinafichwa kwa tone moja la mafuta ya alizeti kwenye kitambaa kikavu. Nimesema alizeti. Ukitumia mawese utajua mwenyewe.

Fundi huyo huyo alinionyesha kwamba mafriji mengi ya "silva" ni mlango tu uliopambwa, ubavuni ni bati lililopakwa rangi ya kijivu. Wanaosema ujaribu kwa sumaku wanakudanganya, maana ipo stenlesi inayonasa sumaku vizuri kabisa. Tazama kwenye kingo na mikwaruzo: rangi hubanduka, chuma hukwaruzika tu.

Friji jeupe nalo nililishughulikia, kwa aibu zaidi kuliko kwa mpango. Rafu zake za plastiki zilikuwa na madoa ya machungwa ya mawese ya miaka. Nilizianika juani siku mbili na yakafifia karibu yote, kwa sababu kinachoyapa mawese rangi ni karotini, ile ile ya karoti, na jua huiua. Mpira wa mlango niliusugua kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, kunjo kwa kunjo. Mshikio uliogeuka njano kwa uzee niliuacha, huo hauoshwi na sabuni yoyote. Na usidanganyike kupuliza rangi. Rangi ya kopo kwenye friji inaonekana kutoka getini, na kwenye jiko inaungua na kunuka.

Mteja wa tatu alikuwa mama mtu mzima mwenye biashara ya dagaa Kibirizi. Lile jiko la silva hakulitupia hata jicho. Alifungua bomba akasubiri aone nguvu ya maji, akaenda uani akauliza moshi unatokea wapi upepo wa ziwani ukivuma. Akarudi, akafungua friji, akainama, akapitisha ukucha ndani ya kunjo za mpira. Ukatoka mkavu, hauna kitu.

"Mwanangu, kumbe wewe unaosha," akasema, na tukaanza kuongea bei.

Alipunguza kidogo, akaomba nimwachie na friji. Nikamwachia. Jiko la 950,000 liko hapa Dodoma na vidoadoa vyake, na bei ya nyumba haikupanda hata shilingi kwa ajili yake. Jirani yangu wa Mwanga anasema friji limehamia barazani, mshikio wake wa njano ule ule, na watoto wanapanga foleni kununua barafu.