Kadi ya kidijitali bila kuseviwa namba ni kazi bure

Mwaka juzi nilikuwa na meza Sabasaba, nauza mapazia, nikagawa bizinesi kadi za karatasi kama 300 hivi na kila aliyepokea alinichekea vizuri. Jioni natoka, pale getini nikaziona zangu mbili zimekanyagwa, zina alama ya soli kabisa. Waliopiga simu baadaye hawakufika kumi.

Nikasema basi nahamia kwenye QR, ile picha ya mraba yenye vidoti ambayo mtu anaiskani kwa kamera ya simu. Nikaingia saiti moja ya bure, nikatengeneza, nikaprinti stika 200 nikabandika kwenye mifuko ya wateja. Wiki mbili tu muda wa majaribio ukaisha, mtu akiskani anakutana na ukurasa unadai malipo! Hela ya stika ikaenda hivyo.

Kwa hiyo jamani kabla hujaprinti elewa hili, QR ziko za aina mbili. Kuna inayobeba taarifa zako ndani yake yenyewe, hiyo haiishi muda na hata bando haihitaji kusomwa. Na kuna inayompitisha mtu kwanza kwenye linki ya kampuni, hiyo unaweza kubadilisha namba bila kuprinti upya ila ukiacha kulipia imekufa. Denso Wave wa Japani walioianzisha QR mwaka 1994 waliiacha watu waitumie bure, sasa wewe unalipia nini kwa jina na namba ya simu?

Yangu ya sasa ni ile ya kwanza. Nimeweka jina, namba ikianzia na +255, na kazi, basi. Ukijaza maelezo mengi vile vidoti vinabanana na simu ya kamera hafifu inashindwa kusoma. Na kwenye jina nimeandika "Mama Mapazia Mbagala", sio jina la cheti, maana baada ya miezi sita mteja atasachi "mapazia", ukoo wangu hata haukumbuki.

Mtu akiskani, simu inamletea kusevu hapo hapo. Mimi nang'ang'ania hiyo kuliko linki ya WhatsApp peke yake, kwa sababu linki inafungua chati tu, namba haiseviki. Na asipokusevu haoni stetasi zako wala brodikasti yako, yaani meseji moja unayotuma kwa wengi kwa mpigo, haimfikii. Stetasi ndio duka langu, na inataka na wewe umsevu yeye, kwa hiyo namwomba anitumie hata "mambo" tukiwa bado tumesimama, namsevu na alama: "Sabasaba, sebule, rangi ya maziwa".

Usiku huo huo namtumia voisi fupi, namtaja jina, namuuliza lile dirisha alishalipima. Bei sigusi kabisa. Kuna dada mmoja alinijibu "bado mama, tunajenga", nikawa namsalimia mara moja moja, naangalia stetasi zake za nyumba inavyopanda, siku alipoweka picha ya madirisha ya alumini yamefungwa nikamwandikia hongera. Kesho yake akanipigia nikapime vyumba vyote vinne.