Nina sukari, nina presha, na sasa limfoma ya ngozi

SWALI: Daktari, nina miaka 61, naishi Ngamiani, Tanga. Nina sukari na presha. Kwa miaka minne nilitibiwa fangasi kwa sababu ya mabaka ya kiunoni na mapajani. Mwaka jana walikata kinyama wakakipima, nikaambiwa ni limfoma ya ngozi, yaani saratani ya chembe za kinga zilizomo kwenye ngozi, hatua ya mwanzo, nikaandikiwa metotreksati. Mwanangu anasema sukari ndiyo iliyoleta haya. Usiku nawashwa mpaka alfajiri. Na dawa za presha nimeziacha. Kama ni saratani, presha ya nini tena?

JIBU: Shikamoo mama. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Limfoma hii ikikamatwa ingali mabaka machache huenda polepole sana, na wengi wa hatua hiyo huishi miaka sawa na wenzao wa rika lao. Presha iliyoachwa haina subira hiyo. Nenda leo ukapimwe, uanze upya dozi utakayopangiwa, wala usifidie vidonge ulivyoruka.

Sukari haikuleta limfoma. Fangasi nayo haikuwapo, ingawa jina la kitabibu la ugonjwa huu, maikosisi fungoidi, linaitaja. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliueleza mwaka 1806, na uvimbe wa mgonjwa wake ulifanana na uyoga. Ndipo jina lilipotoka.

Lakini hata kama sukari haikuleta ugonjwa, magonjwa yako yanakutana, na yanakutana kwenye figo. Metotreksati hutoka mwilini kwa njia ya figo, na sukari na presha za miaka mingi huchosha figo hizohizo. Zikilegea, dawa hubaki kwenye damu ikaharibu uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), tumbo na kinywa. Ndiyo maana kila mara tunataka kupima damu yako: wingi wa chembe zake, hali ya ini na ya figo. Usikubali kuongezewa dozi bila majibu hayo. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, pamoja na foliki asidi kwa siku utakazopangiwa. Wapo walioimeza kila siku kama dawa ya presha, wakaishia wodini.

Nina mama mmoja sitamsahau. Alikuja kliniki akashindwa kunisalimu, mdomo umejaa vidonda, hata uji haupiti. Nikamwomba anionyeshe dawa zake. Akafungua pindo la kanga: metotreksati, metformini ya sukari, diklofenaki ya magoti na Septrini aliyopewa kwenye zahanati kwa ajili ya mkojo. Aliyempa hakujua kuhusu metotreksati, na yeye hakuulizwa. Septrini na metotreksati pamoja huangusha uboho. Diklofenaki nayo hubana figo. Tulimlaza wiki mbili. Alipona, lakini ninapoona pindo la kanga limefungwa naomba lifunguliwe mezani.

Kwa hiyo mama, ukiona vidonda mdomoni, homa, au michubuko isiyo na sababu, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuwashwa si jambo dogo. Kucha hufungua ngozi, bakteria huingia, na kwa mwenye sukari kidonda hukawia kufunga. Maambukizi ya ngozi ndiyo huwatesa sana wagonjwa wa limfoma hii, hasa ikishasonga mbele. Kata kucha, oga maji ya uvuguvugu, na ngozi ikiwa bado na unyevu jipake mafuta ya mgando mwili mzima. Ukipewa vidonge vya predinisoloni kwa mwasho, mkumbushe anayekuandikia kwamba una sukari, kwani huipandisha haraka.

Kukesha hivyo usiku kwa usiku huvunja moyo. Ukijikuta huna hamu ya chakula wala ya watu, mwambie daktari waziwazi, maana huzuni hiyo nayo ina tiba na si upungufu wa imani. Mweleze pia ukigusa tezi zilizovimba kwapani au kwenye kinena, au ukipungua uzito bila sababu, kwa kuwa wenye limfoma hii wana uwezekano zaidi wa kupata limfoma ya aina nyingine.

Kliniki ijayo nenda na mwanao. Beba kila kidonge kilichomo nyumbani, na dawa ya miti shamba kama ipo, uvimwage vyote mbele ya daktari.