Ukiacha Steroidi, Misuli Inabaki?

"Kocha, nikiacha sindano nitaisha?"

Vijana wa jim yetu hapa Umoja huniuliza hivyo wenzao wakishaondoka, maana hawataki kusikika. Anayeuliza huwa ameshaanza kuchomwa, na mahubiri hayamsaidii kitu. Namjibu hivi: sehemu itaondoka, sehemu inaweza kubaki, na kiasi kitakachobaki kinategemea sana jinsi utakavyoishi miezi ya kwanza baada ya kuacha.

Kinachotangulia kuondoka ni maji. Aina nyingi za steroidi za kujenga mwili, yaani testosteroni (homoni ya kiume) na dawa zinazoiiga, huufanya mwili ushike maji na chumvi, na misuli nayo hujaa akiba ya sukari. Ukiacha, kilo hushuka upesi katika wiki za mwanzo na mikono ya fulana huanza kupwaya. Hapo ndipo wengi hukimbilia chupa nyingine. Subiri. Kilichotoka bado si nyama.

Nyama huanza kupotea kwa sababu ya homoni. Kwa kawaida ubongo ndio unaotoa amri: tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inatuma homoni ziitwazo LH na FSH, korodani zinapokea amri hiyo na kutengeneza testosteroni na mbegu za kiume. Ukijidunga testosteroni ya dukani, ubongo unaona imezidi na unakata amri. Korodani zinanywea na mbegu zinapungua, pengine zinakwisha kabisa. Siku dawa inapoisha mwilini, ya dukani huna na ya kwako bado haijarudi. Kuna wanaorudi sawa baada ya wiki kadhaa, kuna wa miezi, kuna wanaopita mwaka. Wapo pia, hasa waliotumia dozi kubwa kwa miaka mingi, ambao hawarudi walikokuwa.

Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao kila mpiga vyuma angepaswa kuujua. Wanaume walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Waliodungwa bila kufanya mazoezi yoyote ya vyuma waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2. Waliochanganya vyote viwili, takriban kilo 6. Yaani dawa ilimjenga hata mtu aliyekaa tu! Sasa jiulize, nyama iliyokuja kwa dawa peke yake itashikiliwa na nini dawa ikiondoka?

Hata hivyo si kila kitu hufutika. Misuli inapokua chini ya dawa, nyuzi zake huongeza viini, na viini ndivyo vinavyosimamia utengenezaji wa protini. Watafiti wa Oslo walionyesha mwaka 2013 kwamba panya waliopewa testosteroni walibaki na viini hivyo miezi 3 baada ya dawa kusimamishwa, ingawa misuli ilikuwa imesharudi chini, na walipofanyishwa kazi nzito misuli yao ilikua upesi kuliko ya panya ambao hawakuwahi kupewa. Hao ni panya, na panya si binadamu.

Kuna baunsa mmoja ninayemfundisha aliyeacha kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wakitafuta mtoto. Kwenye benchi alikuwa akisukuma kilo 120 bila msaidizi. Miezi michache baadaye nilimsimamia akiwa na kilo 90, na chuma kikakwama katikati ya kifua, viwiko vikitetemeka. Hakusema neno, alikaa tu akitazama sakafu. Nilichomfanyia ni kumpunguzia seti, si uzito: mazoezi machache, mazito, halafu nyumbani kulala. Mwili usio na homoni ya kutosha haustahimili zile saa mbili za zamani, lakini ukiacha kubeba vizito kabisa unauambia kwamba misuli haina kazi. Alishuka, akatulia, kisha akaanza kupanda. Kilo 120 hajazirudia. Ila kifua na mgongo alionao leo ni vikubwa kuliko alivyokuja navyo mara ya kwanza, na hivyo ni vyake.

Chakula nacho kisishuke pamoja na moyo. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku zinatosha. Mtu wa kilo 80 anahitaji kama gramu 130. Mayai, omena, ndengu, maharagwe, maziwa. Huhitaji kopo la unga wa bei ghali.

Kuna jambo linaloniudhi sana mitaani. Mtu anauziwa vidonge vya dexamethasone au prednisolone akiambiwa ni steroidi za kujaza mwili. Hizo ni za aina nyingine kabisa, za kutuliza uvimbe na magonjwa kama pumu. Ukizila muda mrefu zinajaza uso na tumbo huku zikila misuli ya mapaja na mabega. Kama umekuwa ukizitumia kwa muda, usiache ghafla peke yako, kwa sababu ni hatari. Daktari akupunguzie polepole.

Kwa wa sindano pia, daktari ni lazima. Pima testosteroni, LH na FSH asubuhi, wakati testosteroni huwa juu, pamoja na mafuta ya damu, ini na presha. Dawa za kuamsha homoni usinunue kwa ushauri wa rafiki wa jim. Ukihisi giza moyoni, hamu ya tendo la ndoa imekufa, au unawaza kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Huzuni hiyo hutokea homoni zikishuka, na inatibika. Nenda na chupa au pakiti ulizotumia, umwambie daktari dozi, muda, na tarehe ya sindano ya mwisho. Ukimficha, atayasoma majibu ya damu yako vibaya.