Mashini inayoamka ndani ya begi: soma jurnali kabla ya kugusa chochote

Ndugu, umeuliza hivi: ThinkPad yako ya mtumba ina Debian 12. Unaifunga pale Kassapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu cha Lubumbashi, betri ikiwa asilimia 80, unapanda taksi-basi, na ukifika komini ya Kenya, mjini humohumo, unaikuta inachoma mkono na betri imebaki 20. Umeshashauriwa ubadili keneli (kiini cha mfumo), usakinishe upya, uongeze maneno fulani kwenye GRUB (programu inayoanzisha mfumo). Usifanye hata moja bado. Kompyuta inayokula betri ikiwa imefungwa ina ugonjwa mmoja kati ya mitatu: haikulala kabisa, ililala ikaamshwa njiani, au imelala usingizi mwepesi. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine.

Funga mashini, subiri robo saa, fungua, kisha soma jurnali, yaani daftari la matukio ya mfumo, kwa kuandika kwenye terminali:

sudo journalctl -k | grep -E "PM: suspend (entry|exit)"

Kama ilizimika kabisa ukalazimika kuiwasha upya, ongeza -b -1 baada ya -k ili usome kipindi kilichopita. Utaona mistari ya namna hii:

14:02:11 kernel: PM: suspend entry (s2idle)
14:02:19 kernel: PM: suspend exit

Hapo ililala sekunde 8 tu. Tazama saa, na tazama neno lililo kwenye mabano: s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni usingizi mzito. Karibu jibu lote limo humo.

Usipoona mstari wowote, basi haikulala. Endesha systemd-inhibit --list uone programu ipi inazuia usingizi. Ukikuta GNOME au KDE imeshika handle-lid-switch, mpangilio wa kifuniko uko mikononi mwake, kwa hiyo nenda ukautazame huko. Jambo jingine linalowachanganya wengi: skrini ya nje au projekta ikiwa imechomekwa, logind (huduma ya mfumo inayosimamia kifuniko) haijali kifuniko kufungwa, kwa sababu mpangilio wake wa HandleLidSwitchDocked kwa kawaida ni ignore. Ukitoka kwenye projekta, chomoa kebo kwanza, ndipo ufunge. Na kwa kuwa ni mtumba, hakikisha kihisi cha kifuniko ni kizima. Andika

watch cat /proc/acpi/button/lid/*/state

kisha teremsha kifuniko polepole ukichungulia. Neno open lisipogeuka closed, sumaku au kihisi kimekufa, na hakuna programu itakayokutibu.

Ugonjwa wa pili, wa kuamshwa njiani, ndio ninaoushuku kwako, maana begi linalobanwa kwenye taksi-basi hutikisa kila kitu. Jurnali itaonyesha jozi nyingi mfululizo: inalala, inaamka, inalala tena. Soma orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha:

cat /proc/acpi/wakeup

Mstari kama "XHC S3 *enabled pci:0000:00:14.0" ni kidhibiti cha USB. Kipokezi cha mausi isiyo na waya kikiachwa kimechomekwa, mausi ikigongwa tu ndani ya begi, mashini inaamka. LID ni kifuniko chenyewe: kikiachama milimita chache kwa kubanwa na madaftari, kihisi kinadhani umefungua. PWRB ni kitufe cha kuwashia. Hicho usikiguse, utakihitaji kuamshia.

Jaribu moja moja:

echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Angalia sana hapa, maana ndipo watu hupoteza siku nzima. Faili hili linafanya kazi kama swichi ya taa. Ukiandika mara ya kwanza linazima, mara ya pili linawasha tena, kwa hiyo kila ukiandika, soma orodha upya. Na ukiwasha mashini upya, yote yanarudi yalivyokuwa. Wengi huweka amri hiyohiyo kwenye skripti ya kuwashia, kisha siku skripti ikipita mara mbili, USB inaamsha tena na hawajui kwa nini. Tumia njia isiyogeuka. Unda faili /etc/tmpfiles.d/usingizi.conf lenye mstari huu mmoja, ukiweka namba ya pci uliyoiona kwako:

w /sys/bus/pci/devices/0000:00:14.0/power/wakeup - - - - disabled

Hata ukisomwa mara kumi, matokeo ni yaleyale.

Ugonjwa wa tatu: entry moja, exit moja, muda wote umetimia, lakini betri imeisha. Soma

cat /sys/power/mem_sleep

Mabano yanaonyesha kinachotumika. Ikiwa ni "[s2idle] deep", mashini inaweza kulala usingizi mzito ila haijaambiwa. Andika echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep, kisha ilaze na kuiamsha mara tano. Ikiamka zote tano, ndipo uongeze mem_sleep_default=deep kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, halafu sudo update-grub. Ukiona "[s2idle]" peke yake, neno hilo kwenye GRUB halitasaidia kitu, kwa kuwa BIOS (programu ya msingi ya mashini) haitoi usingizi huo mzito. Ingia BIOS utafute sehemu ya Sleep State. X1 Carbon ya kizazi cha 6, kwa mfano, ilipata chaguo la Linux baada ya BIOS yake kusasishwa. Mashini nyingi mpya hazina chaguo hilo kabisa.

Usipime kwa asilimia, zinadanganya. Chomoa chaja, soma /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now, laza kwa saa moja kamili kwa sudo rtcwake -m mem -s 3600, kisha soma tena. Namba ni mikrowati-saa: ikishuka kutoka 41200000 hadi 40700000, imekula nusu wati-saa, na huo ni usingizi mzuri. Ikila tatu au zaidi, haijalala kweli.

Inayolala ikakataa kuamka ni jambo jingine. Bonyeza Caps Lock: taa ikibadilika, keneli iko hai na tatizo ni skrini. Wenye kadi ya picha ya NVIDIA wahakikishe nvidia-suspend.service na nvidia-resume.service zimewezeshwa.

Mwisho, betri za mtumba zimechoka, na huku kwetu kurant (umeme) inaweza kukatika usiku kucha. Betri ikiisha wakati mashini imelala, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda, pamoja na kurasa za TFC (kazi ya kumaliza masomo) ambazo hukuzihifadhi. Dawa ni kuhibernati, yaani kuhamishia RAM kwenye diski kisha kuzima. Kama swap yako (sehemu ya diski inayopokea RAM) inatosha RAM yote na Secure Boot, ulinzi wa kuwashia ulio kwenye BIOS, imezimwa (ikiwashwa, Debian inakataa kuhibernati), weka HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate kwenye logind.conf na HibernateDelaySec=30min kwenye /etc/systemd/sleep.conf. Jaribu kwanza systemctl hibernate ukiwa umehifadhi kila kitu.

Bandika hapa ile mistari ya PM: suspend, orodha ya wakeup na mem_sleep, pamoja na modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashini.