Kutoka jukwaani hadi kwenye kamera

SWALI: Naigiza jukwaani hapa Mombasa. Kila nikienda usaili wa filamu naambiwa nazidisha. Lupita Nyong'o naye alianzia jukwaani, alivukaje?

JIBU: Hakuvuka kwa siku moja, dada. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet wa mchezo wa Romeo and Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players. Kisha akajifunza kamera kwa kukaa nyuma yake: alifanya kazi za usaidizi kwenye filamu, na mwaka 2009 akaongoza filamu yake ya hali halisi kuhusu ualbino. Shahada ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ilikuja 2012, Oscar 2014. Jukwaa hakulitupa, mwaka 2016 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, na mchezo wa Eclipsed.

Sasa shida yako. Ukumbini unamchezea aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, ilhali kamera iko mita moja au mbili kutoka puani kwako. Nyusi zikipanda kidogo tu, kwenye skrini ni kama unapiga kelele. Toa sauti ya kumfikia unayezungumza naye, basi. Nyumbani weka simu usawa wa macho, ikuchukue kuanzia kifuani, urudie kipande hichohicho mara tatu, halafu utazame bila sauti. Utajiona penye makosa.

Jingine, na hili huwaumbua wengi wa jukwaani: kipande kimoja hupigwa picha mara kadhaa, kwa hiyo, kama kwa mfano unakunywa chai, kumbuka ni kwenye neno gani uliinua kikombe. Ukikiinua kwenye neno jingine safari ya pili, mhariri hawezi kuunganisha picha za safari hizo mbili, na huenda kipande chako kizuri kuliko vyote kikaachwa.