Idara Yenu Ikitishiwa Kufungwa, Anzeni na Orodha za Matokeo

Pendekezo la kufunga idara huja na jedwali la udahili, kwa hiyo nalo lijibiwe kwa jedwali. Nilikuwa mhadhiri katika chuo kimoja hapa Moshi wakati idara yetu ya Historia na Kiswahili ilipopendekezwa kufungwa, na waraka uliopelekwa kwenye seneti uliwahesabu tu wanafunzi waliosajiliwa katika shahada yetu, ambao kweli walikuwa wachache.

Tuliomba ofisi ya mitihani itupe orodha za matokeo ya kila kozi, tukazitandaza mezani na kuwapanga wanafunzi upya kwa kufuata programu zao. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba madarasa yetu yalijaa wanafunzi wa ualimu, ambao huchagua masomo mawili ya kufundishia, na kwamba ada zao zilihesabiwa kwenye kitivo cha elimu ilhali kuwafundisha na kuwasahihishia mitihani ilikuwa kazi yetu. Baada ya kuiona karatasi hiyo, mkuu wa kitivo cha elimu mwenyewe ndiye aliyesimama kutuunga mkono, na pendekezo likarudishwa kwenye kamati.

Maelezo ya jumla kuhusu utu na utamaduni, ambayo binafsi nayaamini kwa moyo wote, yasitangulie. Elezeni kwanza kwamba mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeifanya Historia ya Tanzania na Maadili kuwa somo la lazima, kisha ulizeni ni nani atakayewaandaa walimu wake. Taja pia yaliyo jirani: Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako wafasiri na wakalimani wanahitajika. Hapa Moshi kuna KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, na wazee wanaoukumbuka ulipokuwa na nguvu wanazidi kutuacha. Mwanafunzi anayekwenda Kibosho na kinasa sauti kuwahoji anaokoa kumbukumbu ambayo haimo katika jalada lolote.

Ikiwa kura zitaelekea kuwashinda, ombeni idara iunganishwe na nyingine huku programu ikibaki na ithibati yake ya Tume ya Vyuo Vikuu, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na majina ya kozi zitakazoendelea kufundishwa.