Mmea wenye maua meupe kando ya mnavu

Dada, mmea uliojiotea kando ya mnavu wako, wenye maua meupe marefu yanayofunguka jioni na majani yanayonuka vibaya yakifikichwa, yaelekea ni mranaha, ambao wataalamu huuita Datura stramonium. Thibitisha kwa tunda: la mranaha limejaa miiba, na likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi bapa, ilhali mnavu huzaa vitunda laini vya mviringo. Hatari kubwa ni miche michanga, kwa kuwa bado haina ua wala tunda, na majani yake huchumwa pamoja na mboga.

Umeuliza kama unaweza kuuacha uwe pambo. Kwenye bustani ya mboga, hapana. Sehemu zake zote zina sumu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walifariki baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na mbegu za jamii hiyo. Vaa glavu, ung'oe kabla tunda halijapasuka, wala usijiguse macho. Kisha kagua kila baada ya mvua, maana mbegu hukaa ardhini miaka mingi. Aliyeula akikauka kinywa, mboni zikatanuka au akaanza kuweweseka, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na tawi la mmea.